Neno "Lansi": Mkuki wa Wapanda Farasi Uliofika Kwetu Bila Farasi

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya neno moja dogo ambalo wazee wengi wamelisikia, na baadhi yao wamelibeba begani kama cheo, lakini ni wachache waliopata kuuliza limetoka wapi. Neno lenyewe ni "lansi", kama lisikikavyo katika cheo cha "lansi koplo".

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, mwaka 1945, askari wa King's African Rifles walirudi makwao, na wengine walirudi Usukuma. Kila mahali waliporudi, majina ya vyeo vyao yalirudi pamoja nao: sajini, koplo, lansi koplo. Watoto waliwasikia wakiitana kwa majina hayo, wakayazoea. Na kwa kuwa lansi koplo ni mdogo kwa koplo, watu wakafikiri kuwa "lansi" maana yake ni "mdogo", au "nusu", au "msaidizi". Fikira hiyo si ya ajabu, lakini si kweli. Lansi ni jina la silaha. Ni mkuki mrefu wa askari apiganaye akiwa juu ya farasi.

Hapo mtu wa Kimali atauliza kwa haki: Mkuki wa mpanda farasi una shughuli gani na askari aendaye kwa miguu? Na jina la silaha ya farasi lilifikaje katika nchi ambayo farasi hawakai? Maswali haya mawili ndiyo tutakayoyajibu, na majibu yake yatatufundisha jambo moja juu ya lugha zote, pamoja na zetu: silaha hufa, lakini jina lake huhamia kwa mtu aliyeishika.

1. Silaha yenyewe

Kwanza tuieleze silaha. Mikuki tuijuayo sisi ni ya namna mbili. Upo wa kurusha, ambao ni mwepesi; na upo wa kuchomea kwa karibu, ambao chuma chake ni kirefu. Mikuki yote miwili hupata nguvu katika mkono na bega la mwenye kuutumia. Mkono ukichoka, mkuki nao umechoka.

Lansi si hivyo. Mpanda farasi haitupi, wala hachomi kwa nguvu ya mkono wake. Huubana uti wa mkuki kwapani, akaielekeza ncha mbele, akamwachia farasi akimbie. Nguvu ya pigo hutoka kwa farasi. Mtu atakaye kulifahamu jambo hili amfikirie mpanda baiskeli ateremkaye mlimani, naye amebana mti mrefu kwapani. Mti ule ukigonga ukuta, si mkono wake utakaoupiga ukuta, bali uzito wote wa mtu na baiskeli pamoja na mwendo wao. Na mpanda baiskeli mwenyewe atajikuta chini! Kwa sababu hiyo mpanda farasi alihitaji tandiko lenye mgongo nyuma ya kiuno, na vikuku vya kukanyagia miguu, ili pigo lisimwangushe yeye kabla ya adui.

Katika Ulaya desturi ya kubana mkuki kwapani ilienea tangu karne ya 11 hivi. Mikuki hiyo ilifanywa kwa mti mgumu ulio mwepesi, na baadaye wengine waliifanya kwa mwanzi. Lansi ya askari wa Uingereza katika karne ya 19 ilikuwa na urefu wa futi 9 hivi, yaani si mbali na mita 2 na robo tatu. Urefu huu ulikuwa na sababu yake: mwenye mkuki mrefu humfikia adui kabla ya adui kumfikia yeye. Lakini ulikuwa na hasara pia. Adui akiupita ncha na kukaribia, mkuki ule mrefu huwa mzigo tu, na mwenyewe hana budi kuutupa na kushika upanga.

2. Asili ya neno

Sasa tulifuate neno lenyewe mpaka kwenye chemchemi yake. Waingereza husema "lance". Neno hilo walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambao walisema "lancea". Lakini hata kwa Warumi halikuwa neno la nyumbani. Mwanachuoni wao Varro, aliyeishi kabla ya Kristo, alisema kwamba neno hili si la Kilatini bali latoka Hispania. Na mwandishi wa Kigiriki Diodorus aliandika kuwa watu wa Galia, nchi ambayo sasa ni Ufaransa, waliiita mikuki yao kwa jina linalofanana nalo. Kwa hiyo wataalamu wengi huona kuwa Warumi walilipokea kwa watu wa kabila za Waselti, waliokaa Galia na Hispania, ambao Warumi walipigana nao mara nyingi.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Warumi waliwashinda watu wale, wakawatawala. Hata hivyo jina la mkuki wa walioshindwa likaingia katika kinywa cha washindi, likadumu humo. Mtu huazima jina pamoja na kitu. Hivyo ndivyo nasi tulivyofanya: kwa Wareno waliofika pwani yetu tangu mwaka 1498 tulipata meza na bendera, kwa vitu na kwa majina. Lugha yenye maneno ya kuazima si lugha maskini. Ni lugha ya watu waliokutana na watu.

Neno lile la Kilatini lilizaa watoto wengi. Wafaransa walifanya kitendo kutokana nalo, maana yake kutupa mkuki, kisha kutupa kitu cho chote. Kitendo hicho kikavuka bahari na kuwa "launch" kwa Waingereza, neno wanalolitumia kwa kushusha meli majini mara ya kwanza, na siku hizi kwa kurusha roketi angani. Tena kisu kidogo chenye ncha, ambacho waganga wa Ulaya walikitumia kupasulia jipu, kiliitwa "mkuki mdogo", yaani "lancet". Jina hilo ndilo la jarida mashuhuri la madaktari lililoanzishwa London mwaka 1823, nalo hutoka hata leo. Basi neno moja limegawanyika: tawi moja lauua mwili, tawi jingine lautibu.

Lakini hapa pana mtego, na twataka kuwaonya wanafunzi. Ipo mashua ya mashine ambayo Waingereza huiita pia "launch", na baadhi ya watu wa ziwani na pwani huiita lanchi. Kwa sauti, neno hilo lafanana kabisa na lile la kurusha. Lakini asili yake ni nyingine: lilitoka kwa Wahispania na Wareno, na yaaminiwa kuwa wao walilipata kwa Wamalai wa mashariki ya mbali, katika lugha ambayo neno hilo lilihusu mashua yenye mwendo wa kasi. Maneno haya mawili ni kama watu wawili wafananao sura sokoni, nao si wa ukoo mmoja. Tutalirudia onyo hili tutakapofika kwenye lugha zetu.

3. Jinsi silaha ilivyokuwa mtu

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Silaha iligeukaje kuwa cheo?

Sisi nasi twajua kukitaja kitu tukimkusudia mtu. Zamani serikali ilipotoza kodi ya kichwa, haikutaka vichwa. Ilitaka watu walipe. Mzee akisema ana midomo mingi ya kulisha, haneni habari za midomo peke yake. Ndivyo walivyofanya watu wa Ulaya na mkuki. Jemadari aliyesema ana mikuki mia, alikuwa na maana ya watu mia wenye mikuki.

Tena hesabu hiyo ilipanuka. Mwaka 1445 mfalme wa Ufaransa, Charles wa Saba, aliunda vikosi vya kudumu vya wapanda farasi. Katika vikosi hivyo "lansi" moja haikuwa mkuki mmoja wala mtu mmoja, bali watu sita: askari mkubwa mwenye mavazi ya chuma, pamoja na wenziwe wa kumsaidia, wapiga mishale na watumishi. Basi mtu aliposikia kuwa kikosi kina lansi mia, alijua kuwa kina watu 600. Kufikia hapo neno lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye mti na chuma, likahamia kwa wanadamu.

Katika nchi ya Italia, kwenye karne hiyo hiyo ya 15, vita vilipiganwa na askari wa kukodiwa. Kila jemadari alikuwa na kikosi chake, akakipangisha kwa mji wenye fedha. Jemadari akifa, au kikosi kikivunjika, wapanda farasi wake walibaki bila bwana. Miji kama Venice na Milan ikawaajiri watu hao mmoja mmoja. Waitaliano wakawaita "lancia spezzata", yaani mkuki uliovunjika. Hawakuwa na maana kuwa watu hao ni dhaifu. Walikuwa askari waliokwisha kuzoea vita, ila wamekatika kutoka kikosi chao kama kipande kikatikavyo kwenye mti.

Baadaye jina hilo likaingia katika jeshi la Ufaransa, kisha Uingereza, katika karne ya 16. Huko lilielezwa hivi: ni mpanda farasi aliyevunja mkuki wake vitani na kupoteza farasi, naye hana cha kupanda. Akawekwa katika kikosi cha waendao kwa miguu. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima na mzoefu wa vita, hakuwekwa sawa na askari wa kawaida. Alipewa kazi ya kumsaidia mkubwa wa kikosi kuwaongoza wengine. Miaka ikapita. Wapanda farasi wa namna ile wakatoweka, lakini kazi yao ya kumsaidia mkubwa ikabaki, na jina likabaki na kazi. Waingereza wakalifupisha, wakaliunganisha na koplo, ambalo nalo latoka Italia, kwa neno lenye maana ya kichwa au kiongozi. Hivyo ndivyo alivyozaliwa lansi koplo: kwa jina ni mkuki wa mpanda farasi, kwa kazi ni askari wa miguu.

Ndugu wa neno hili yupo pia nje ya jeshi. Mwandishi Walter Scott, katika kitabu chake Ivanhoe kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1819, aliwataja askari wa kukodiwa wasiofungwa kwa bwana mmoja, akawaita mikuki huru. Tangu hapo Waingereza humwita "freelance" mwandishi au fundi afanyaye kazi kwa huyu leo na kwa yule kesho, pasipo kuajiriwa na mtu mmoja. Mwandishi huyo anashika kalamu, hata hivyo jina lake lingali mkuki.

4. Kwa nini farasi hawakukaa kwetu

Tumeona jinsi jina lilivyotengana na silaha. Na sasa tuulize kwa nini silaha yenyewe haikufika kwetu.

Mtu wa Kimali hayuko mbali na mapori ya Maswa na Serengeti, naye ajua kwamba pundamilia wamejaa huko, wanene na wenye afya. Pundamilia ni jamaa wa karibu wa farasi. Basi kwa nini yeye anastawi na farasi asistawi?

Sababu ni maradhi mawili. La kwanza ni nagana, ambayo huletwa na mbung'o. Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari David Bruce alithibitisha kwamba mbung'o ndiye auchukuaye ugonjwa huo kutoka kwa mnyama mmoja mpaka kwa mwingine. Watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa ubaya wa mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 walifyeka vichaka vingi katika nchi ya Shinyanga ili kumnyima mdudu huyo kivuli, na mtaalamu C. F. M. Swynnerton aliyeongoza utafiti wa mbung'o alifanya kazi yake huko. Ng'ombe huugua nagana, na farasi vilevile, wala hachukui siku nyingi.

Maradhi ya pili huitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huletwa na visubi, wadudu wadogo mno warukao jioni na usiku, hasa baada ya mvua. Farasi aliyetoka nchi za nje akiupata, aghalabu hufa katika siku chache. Pundamilia huweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa huo katika damu yake, naye haumwi. Amezaliwa nao na wazazi wake wameishi nao tangu zamani za kale. Farasi ni mgeni, hana kinga hiyo.

Ndiyo maana kaskazini ya nchi zetu habari ni nyingine. Katika milima mirefu ya Ethiopia, kwenye baridi na mahali pasipo mbung'o, farasi wamestawi kwa karne nyingi. Wapanda farasi wa Kiamhara na wa Kioromo walipigana kwa mkuki na ngao, na wakuu walijulikana kwa majina ya farasi wao. Mfalme Menelik wa Pili, aliyewashinda Waitaliano huko Adwa tarehe 1 Machi 1896, alikuwa na jina la kivita la Abba Dagnew, kwa farasi wake. Waona hapo jinsi mtu na mnyama wake walivyounganishwa katika jina moja, kama kule Ulaya walivyounganisha mtu na mkuki.

Huko Sudan, karibu na mto Nile, kikosi cha wapanda farasi wa Uingereza wenye lansi kiliwashambulia Wasudani katika vita vya Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898. Kijana Winston Churchill alikuwamo. Shambulio lilikwisha katika dakika chache tu, lakini katika dakika hizo waliangamia askari 21 wa kikosi hicho, na farasi zaidi ya mia waliuawa au kujeruhiwa. Watu waliokuwa na macho waliona tayari kuwa siku za silaha hii zimekaribia mwisho wake.

Kwetu jaribio lilikuwa baya zaidi. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, walowezi wa Kenya walikusanyika Nairobi wakaunda kikosi cha wapanda farasi kiitwacho East African Mounted Rifles. Baadhi yao walitengenezewa mikuki ya mwanzi, iwe lansi. Kikosi hicho kilipigana Longido mwezi wa Novemba mwaka 1914. Kisha mwaka 1916 jemadari van Deventer alikuja na wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakashuka mpaka Kondoa Irangi katika mwezi wa Aprili, wakati wa masika. Farasi wakaanza kufa njiani. Walikufa kwa mamia, na kabla ya mwaka kwisha wanyama wa vita waliokufa walikuwa maelfu: farasi, nyumbu na punda. Adui mkubwa hakuwa bunduki ya Mjerumani, bali mbung'o na kisubi.

Wala msidhani kuwa hasara ile iliwahusu farasi na wenyewe tu. Mnyama alipokufa, mzigo haukufa pamoja naye. Ulihamia kichwani kwa mwanadamu. Wapagazi walichukuliwa katika kila nchi ya Afrika ya Mashariki, wabebe chakula na risasi za majeshi, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa kuhara, homa na njaa. Habari za farasi katika nchi yetu haziwezi kusimuliwa kwa haki bila kuwataja watu hao.

Mwaka 1927 jeshi la Uingereza liliiondoa lansi katika silaha za vita, likaibakiza kwa gwaride na sherehe tu. Bunduki ya rashasha ilikuwa imekwisha kulifanya shambulio la farasi kuwa njia ya kujiua.

5. Jina lilifika kwa njia ya begani

Hata hivyo jina lilikuwa limekwisha kuingia. King's African Rifles iliundwa mwaka 1902 kwa mfano wa majeshi ya Uingereza, na vyeo vyake vilifuata vya Uingereza. Katika vita vya pili vya dunia watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliandikwa katika jeshi. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944, ambako mwezi wa Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Katika kila kikosi kidogo cha watu hao alikuwamo lansi koplo, mwenye tepe moja mkononi.

Cheo hicho ni kidogo, lakini kazi yake si ndogo. Koplo aliongoza kikosi kidogo, na lansi koplo alikuwa wa pili wake. Mara nyingi aliwekwa kuwasimamia wenye bunduki ya rashasha iitwayo Bren. Hebu tazameni: mtu aitwaye kwa jina la mkuki ndiye aliyeisimamia bunduki ya namna ile ile iliyoufukuza mkuki vitani!

Tena cheo hicho kilikuwa na uzito wake moyoni. Kwa desturi ya jeshi la Uingereza, tepe ile moja haikutiwa mizizi kama vyeo vingine. Mkubwa aliyeitoa aliweza kuiondoa kwa kosa dogo. Mwenye tepe alilala na wenziwe, akala nao chungu kimoja, kisha asubuhi akawaamuru. Akiwa mkali, wenziwe humwona amejivuna. Akiwa mpole, mkubwa wake humwona hafai. Kila aliyewahi kuwekwa kiranja katika shule aifahamu taabu hiyo. Wazee waliobeba tepe moja na kurudi nayo nyumbani walikuwa wamefaulu mtihani wa kuongoza walio sawa nao, nao ni mtihani mgumu kuliko kuongoza walio chini yako.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, na baada ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania kuundwa mwaka 1964, cheo hicho kilipewa jina la Kiswahili: koplo usu. "Usu" huonyesha aliye chini kidogo ya cheo kamili, kama lilivyo katika luteni usu. Kwa jina hilo jipya mkuki umetoweka, na maana waliyoifikiria watu zamani, ya kuwa lansi ni "mdogo wa koplo", sasa imekuwa kweli. Lugha ina njia zake: kosa la wengi jana huweza kuwa usahihi wa leo.

6. Na mkuki wetu je?

Haifai kulifuata neno la wageni mpaka Roma, na la nyumbani tukaliacha mlangoni. Kiswahili kina neno "mkuki" ambalo kila mtu alijua. Kina neno jingine la kale zaidi katika vinywa vya watu wa pwani, nalo ni "fumo", yaani mkuki wenye chuma kipana. Lina uhusiano na kitendo "kufuma", maana yake kumpiga mnyama au mtu kwa mkuki au mshale.

Sasa sikilizeni. Waganda huuita mkuki "effumu". Wanyarwanda na Wanyankole husema "icumu". Wakikuyu husema "itimu". Wataalamu wa lugha za Kibantu wameyalinganisha maneno haya, wakaona kuwa yote ni watoto wa neno moja la kale, lililotamkwa na wazee wetu kabla hawajatawanyika katika nchi hizi. Sauti zimegeuka kwa utaratibu maalumu: mahali ambapo mmoja asema "fu", mwingine asema "cu" au "ti". Basi msomaji wa Usukuma akumbuke jina la mkuki katika lugha ya nyumbani kwake, aliweke kando ya haya, apime mwenyewe kama ni la ukoo huu.

Lakini onyo letu la lanchi tulikumbuke hapa. Katika Kiswahili cha kale "fumo" lilikuwa pia jina la mfalme au mkuu, kama katika jina la shujaa Fumo Liyongo. Mtu mwepesi wa kuamua atasema: "Naam! Mkuu ameitwa kwa jina la mkuki wake, kama lansi koplo." Maneno hayo yavutia, na yangepamba vizuri mazungumzo yetu. Lakini yapo maneno mengine yanayotuzuia. Katika Kikongo na Kichewa "mfumu" ni mkuu au mtawala. Na katika Kisukuma, kama mjuavyo, "nfumu" ni mganga, na wengi wao ni "bafumu". Maneno haya hayana mkuki ndani yake. Yatoka katika neno jingine la kale, lenye maana ya mtu mkuu mwenye heshima na uwezo. Na yaelekea fumo mwenye maana ya mfalme ni ndugu wa hao, wala si ndugu wa fumo mkuki. Hivyo mganga wa Usukuma na mfalme wa pwani wako karibu kuliko mfalme na mkuki wake.

7. Faida ya kuuliza

Wanafunzi mtakaotaka kuchungua maneno, shikeni mambo matatu. Kwanza, msiamini maana kwa sababu yapendeza. Lansi haikuwa "nusu", ijapokuwa ilifanana kuwa hivyo. Pili, msiunganishe maneno kwa sababu ya sauti tu. Yaulizeni yametoka wapi na yamepita kwa nani. Tatu, litafuteni neno katika vinywa vya majirani, kwa maana lililosahauliwa kwenu huenda lingali hai kwao.

Na kazi hii haiwezi kungoja. Askari waliobeba tepe ile katika Burma wamekwisha kuondoka duniani, isipokuwa wachache sana, na majina ya mikuki ya nyumbani, ya uti wake, ya chuma chake na ya wafuaji wake, yaondoka pamoja na wazee wa leo. Jina la mkuki wa Waselti limehifadhiwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili kwa sababu watu waliliandika. Mwenye daftari na kalamu huko Kimali aweza kuyafanyia hivyo majina ya kwao, aanze na mzee aliye jirani naye, amwulize: Mkuki huu, mliuitaje?